Nilikwenda Uskoti kusoma mimea ya Amani

Nilikwenda Uskoti kusoma mimea ya Amani. Nikiwaambia hivyo watu wa Muheza wengi hushangaa, maana msitu wenyewe wa Amani, huku Usambara Mashariki mkoani Tanga, uko nyuma ya jiko la mama yangu. Mama naye aliniuliza usiku ule tunafunga mabegi, "Mwanangu, kwani huko kuna msitu gani?" Nikamwambia msitu wa kufikia wetu hakuna, ila makabati ya mimea iliyokaushwa yapo. Leo nataka kuandika habari za hayo makabati. Kila mwaka maombi ya ufadhili wa Chevening yanapofunguliwa napokea ujumbe kutoka kwa vijana wanaouliza kuhusu insha, usaili na posho. Bado sijapata anayeniuliza nilisoma nini.

Ya insha nayamaliza upesi. Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1983. Wanataka uwe na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na uahidi kurudi nyumbani ukae si chini ya miaka miwili baada ya masomo. Wanalipa ada, nauli ya ndege na posho ya kila mwezi. Usaili wangu ulifanyika Dar es Salaam, na nilichokisema pale ndicho nilichokuwa nimekiandika: kwamba nafanya kazi katika msitu wenye mimea mingi isiyopatikana kwingine duniani, na kila tukikwama kwenye jina la mmea tunamsubiri mgeni aje atuambie. Sina siri nyingine. Andika kazi unayoifanya, taja mahali, taja kinachokukwamisha.

Nilifika Edinburgh Septemba 2015. Kozi yangu, shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ya bioanuwai na uainishaji wa mimea, inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh pamoja na Royal Botanic Garden, bustani iliyoanzishwa mwaka 1670. Tulisomea bustanini kwenyewe, upande wa Inverleith, mbali kidogo na majengo ya chuo alikosoma Mwalimu Nyerere kati ya 1949 na 1952. Mwalimu nilimkumbuka sana miezi ya baridi. Yeye alikuta Uingereza ambayo nyama bado inanunuliwa kwa kadi za mgawo, na hakuwa na simu mfukoni ya kumsikia mama yake. Alirudi na shahada yake akaenda kufundisha Pugu. Nikipita mitaa ile jioni nilipata nguvu kwa kujua kwamba mtu wa kwetu alishaipita na kofia ya sufu kichwani, akiwahi darasani.

Darasa letu lilikuwa dogo, watu wa mabara mbalimbali. Wiki za mwanzo zilikuwa za familia za mimea. Mwalimu anaingia na matawi yaliyokatwa asubuhi hiyo kwenye nyumba za vioo, anayapanga mezani, kila mwanafunzi anachukua lenzi yake ya mkononi na kuanza. Majani yanatazamana au yanapishana? Kikonyo kina nini chini yake? Ovari iko juu ya petali au chini? Ukivunja jani linatoa utomvu wa rangi gani?

Hapo sikuwa mgeni. Mtoto wa Amani anaujua mti kwa gome, kwa harufu ya panga linapoingia, na kwa mnyama anayekula matunda yake. Mtambara niliujua kwa utomvu wake mwekundu. Msambu niliujua kwa sababu mbegu zake tuliziokota na kuziuza kwa kilo, zikakamuliwe mafuta. Edinburgh ilinipa kitu kingine, nao ni utaratibu wa kutazama. Mtu anaweza kuishi na mmea miaka thelathini asijue kwamba upande wa chini wa jani lake una vinyweleo vya aina mbili, virefu na vifupi, na kwamba hivyo vifupi ndivyo vinavyoutenga na ndugu yake wa bonde la pili. Nilianza kutazama hivyo, na hadi leo siwezi kupita kwenye kichaka bila kuinama.

Baridi niipitie haraka, kila mtu ameshaiandika. Niseme tu kwamba kinachochosha ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Edinburgh linachomoza karibu saa tatu kasoro asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana upesi mno, ukichelewa maabara kidogo tu umepitwa. Kisha Juni mambo yanageuka. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na futari ilikuwa saa nne usiku. Tulifuturu msikiti mkuu wa Potterrow, wanafunzi wa Sudani, Malaysia, Pakistani na mimi, na muda kati ya Isha na daku ulikuwa hautoshi hata kulala. Nilifunga mwezi huo nikiwa katikati ya utafiti wangu, kazi ya kutwa nzima kwenye hadubini. Ni Ramadhani ninayoipenda kuliko zote nilizofunga, kwa sababu kila saa ya mchana ule mrefu ilikuwa na kazi ndani yake.

Sasa makabati.

Royal Botanic Garden ina hebaria yenye sampuli za mimea mikavu karibu milioni tatu, ndani ya jengo lililofunguliwa mwaka 1964. Kila sampuli ni tawi lililobanwa, likakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Chini, kwenye kona, kuna lebo: mahali, tarehe, mwinuko kutoka usawa wa bahari, maelezo ya rangi ambazo zitapotea mmea ukikauka, na jina la mkusanyaji na namba yake. Kitu chochote kinachoingia jengoni hupitishwa kwanza kwenye friza ili kuua wadudu. Makabati yanafungwa vizuri, hewa ni kavu, na unalishika karatasi kwa mikono miwili, bila kulipindua hata siku moja. Nilishika matawi yaliyokatwa kabla babu yangu hajazaliwa, na vinyweleo bado viko palepale, unaweza kuvihesabu.

Edinburgh inajulikana zaidi kwa mimea ya Uchina, Himalaya na Uturuki. Ya Afrika Mashariki mingi iko kwenye bustani ya Kew, London, kwa kuwa kule ndiko ilikoandaliwa kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza 1948 na kukamilika 2012, spishi zaidi ya 12,000. Lakini kuna familia moja ambayo Edinburgh imeishughulikia kwa miaka mingi, nayo inatuhusu sana sisi wa Tanga.

Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani mjini Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli. Akampelekea baba yake Ujerumani. Kutoka kwa baba likafika kwa Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha. Wajerumani hadi leo wanaliita kwa jina la Usambara. Kutoka hapo likawa ua la dirishani la dunia nzima, la kuuzwa supamaketi kwenye kikopo cha plastiki.

Mtu aliyeziandika spishi nyingi za Saintpaulia alikuwa B. L. Burtt, na alifanya kazi bustanini humohumo, Edinburgh. Alizitenganisha kwa kutazama sana vinyweleo vya majani. Waliofuata walipunguza hesabu: spishi ishirini hivi zilizokuwa zinatambuliwa zikaunganishwa zikabaki chache, katika orodha iliyotoka 2006. Kisha mwaka uleule niliofika, 2015, watafiti wa Edinburgh na wenzao wakaonyesha kwa vinasaba kwamba Saintpaulia nzima ni tawi la ndani ya jenasi (kundi la spishi ndugu) Streptocarpus. Kwa hiyo ua la Tanga likabadilishwa jina nikiwa nasoma karibu na watu waliolibadilisha. Utafiti wangu ukawa juu ya hivyo vinyweleo: je, mmea uliooteshwa kwenye nyumba ya vioo miaka mingi unabaki na vinyweleo vilevile vya ndugu zake waliokaushwa kutoka msituni?

Sitawachosha kwa majibu ya tasnifu. Jambo lililonigusa ni hili: mmea uliokuwa mbele yangu ulikuwa uzao wa mmea wa kwetu, uliokuzwa kwa vipandikizi vya jani toka kizazi hadi kizazi, una kadi yake, una namba yake, na kuna mtu anayelipwa mshahara kuhakikisha haufi. Kule kwetu ndugu zake wako kwenye miamba kando ya vijito, na kivuli kikiondoka tu, nao wanakwisha. Watu wakikata miti ya juu ili kupanda iliki na baadaye migomba, ua hili halipigi kelele. Linakauka tu.

Ghorofa ya chini ya nyumba niliyopanga aliishi bibi mmoja mjane. Dirishani kwake kulikuwa na vyungu vya Saintpaulia, za zambarau, nyeupe na moja ya waridi. Alinikaribisha chai siku moja ya Januari, nikamwambia, "Bibi, haya maua ni ya kwetu." Alidhani nasema kwa mahaba tu. Nikamwonyesha picha niliyopiga mwenyewe, mwamba wenye kuvu na maji yanatiririka, na ua katikati. Alikaa kimya, kisha akaanza kuuliza maswali ya mtu anayejua mimea: mvua inanyesha miezi gani, jua linafika saa ngapi, usiku kuna baridi kiasi gani. Nikamweleza kwamba Amani inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba. Alikuwa akiyatunza maua hayo tangu mume wake yu hai. Tangu siku hiyo kila nikipita ananiita nimweleze kitu kingine cha Amani, na mimi nikajifunza kwake subira ya kumwagilia kwa chini, maji yasiguse jani.

Mwezi wa Machi nilipata ruhusa ya kwenda Kew. Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Waverley hadi King's Cross. Kew ina sampuli kama milioni saba, na mara hii niliomba makabrasha ya Usambara Mashariki. Wakaniletea. Mahali: Amani. Mahali: Kwamkoro. Mahali: Monga. Mahali: mto Sigi. Nilisoma majina ya vijiji ninavyovijua kwa miguu yangu, kwa mwandiko wa watu waliokufa, na nilitokwa na machozi mbele ya mhudumu ambaye, Mungu amjalie, aliniacha nilie akaniletea kiti.

Kwenye lebo nyingi kuna neno la Kisambaa. Mkusanyaji ameandika jina la kienyeji la mti, wakati mwingine na matumizi yake: dawa ya tumbo, mpini wa jembe, nguzo za nyumba. Jina la mti limeandikwa; aliyelitamka hajaandikwa. Niligeuza karatasi moja baada ya nyingine na nikaanza kuona kitu ambacho darasani hakikuwa kimesemwa. Mtafiti anayefika Amani mara ya kwanza hawezi kujua jina la Kisambaa la mti wa mita arobaini, wala hawezi kulifikia tawi lake lenye maua. Kuna mtu alipanda. Kuna mtu alisema, "Huu ni fulani." Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa vijana waliobeba presi za kubania mimea na kupanda miti kwa ajili ya watafiti, miaka ya 1950.

Jioni hiyo nilimpigia babu mdogo, ndugu wa babu, ambaye bado yuko hai. Pale Amani mtandao hauingii nyumbani, ikabidi mama ampeleke hadi barabarani, karibu na ofisi ya chai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baridi ya huko imepungua?"

Nikamsomea majina kutoka kwenye picha za lebo, moja moja, pamoja na mahali. Alikuwa anarudia kila jina. Kwenye moja akanikatiza: "Hapana. Mti huo hauko huko kwa Kwamkoro. Kwamkoro kuna dada yake, na huyo ana jani refu zaidi. Aliyewaambia alikuwa mtu wa Bumbuli, kule wanaita hivyo yote miwili." Nilirudi Kew asubuhi, nikalitazama jani kwa lenzi, nikamwonyesha mtaalamu mmoja wa hapo. Ilikuwa spishi mbili kwenye kabrasha moja, na zilishatenganishwa kwa maandishi ya penseli na mtu wa baadaye. Mzee wa Amani aliyejua hilo bila hadubini alikuwa amesimama barabarani akishikiwa simu.

Hapo ndipo mwaka wangu wa Uskoti ulipopata maana yake. Siwezi kusema watu wa makabati walituibia na kuishia hapo, maana nimeona kazi yao. Sampuli nyingi za enzi ya Wajerumani, zilizotoka kwenye taasisi yao ya Amani iliyoanzishwa 1902, zilipelekwa Berlin, na hebaria ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943. Kilichosalia kilisalia kwa sababu nakala zilikuwa zimegawanywa kwenye miji mingine, zikatunzwa na watu makini. Hebaria ya Amani yenyewe ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Na unyevu wa Amani siufichi: ukiacha tawi kwenye presi siku mbili bila moto, unakuta ukungu mweupe. Nawashukuru waliotunza, kutoka moyoni.

Lakini shukrani haifuti deni. Elimu ya mmea inaanza kwa mtu anayeonyesha kidole, na huyo ana haki ya jina lake kuandikwa. Inawezekana, na imewahi kufanyika. Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya mimea kwa miaka mingi, na mwaka 2009 jenasi mpya ya Tanzania ikaitwa kwa heshima yake: Mwasumbia. Mkilua, ambao maua yake akina mama wa pwani huyapenda kwa harufu, uliingia kwenye sayansi mwaka 1970 kwa jina lake hilohilo, Mkilua fragrans. Nilipoyaona majina hayo mawili kwenye kabrasha, Mwasumbia na Mkilua, nilisimama wima kwenye kiti changu.

Posho? Ilitosha. Nilikula vizuri, nikanunua koti, na kidogo kidogo nikabadilisha bati za nyumba ya mama. Asubuhi ya Juni 24, baada ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, maabara ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Wenzangu wa Hispania na Italia walikuwa hawajui hatima yao. Nilikaa nao. Mtu aliyetoka mbali kwa ufadhili anajua vizuri jinsi kipande cha karatasi kinavyoweza kuamua mahali unapoishi.

Nilirudi Septemba 2016. Nafanya kazi ileile ya misitu, mkoa uleule. Tuna presi za mbao alizotutengenezea fundi wa Muheza, magazeti ya zamani, na sanduku la kukaushia linalotumia joto la mkaa. Kila sampuli tunaikata nakala, moja inakwenda hebaria ya taifa Arusha, nyingine Dar es Salaam. Lebo yetu ina mistari miwili ambayo sikuiona Kew: aliyetaja jina, na aliyepanda mti. Babu mdogo yuko kwenye lebo nyingi. Wanafunzi wa sekondari wanakuja Jumamosi, nawapa lenzi, nao sasa wanagombea nani atapanda.

Kinachotukwamisha ni jengo. Picha za mtandaoni zinasaidia sana, na hebaria nyingi zimeziweka wazi, lakini kinyweleo cha nusu milimita hukioni vizuri kwenye picha. Tunahitaji chumba kikavu chenye umeme usiokatika, makabati ya chuma, friza, na ajira ya kudumu ya mtu mmoja au wawili. Hilo ni ombi dogo kwa milima ambayo dunia nzima inaisifu.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda mwaka huu, iwe Edinburgh, London, Berlin au Missouri, na uwe unasoma sheria, uhandisi au afya: mahali hapo huenda kuna kabati la kwenu. Barua ya kuomba kuliona iandike mapema, katika miezi ya kwanza, kwa sababu mwaka mmoja unakwisha kabla hujazoea mabasi. Taja wilaya unayotoka. Omba ruhusa ya kupiga picha lebo, na piga karibu, mwandiko usomeke. Kama ni lebo za Usambara nitumieni, nitazipeleka kwa wazee wakiwa bado wapo wa kuulizwa.